Maswali Yenu: Kambare Wangu Simwoni Akila

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: yule samaki wa chini ya tangi, mwenye ndevu, anakula saa ngapi na anakula nini? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika anaweza kumpoteza samaki wake asipofanya haraka, na kwa sababu kosa lake niliwahi kulifanya mimi.

*Shikamoo mama. Nina tangi la lita 120 lenye tetra kumi na wanane, wale samaki wadogo wa kundi. Miezi miwili iliyopita nilinunua kambare mmoja wa kahawia mwenye madoa meusi. Ana ndevu mbili ndefu juu, na nne za chini zina vijitawi kama unyoya. Muuzaji aliniambia nisijisumbue kumtafutia chakula, atakula mabaki ya wenzake na kunisafishia tangi. Tangu hapo nimemwona mara tatu tu. Mchana kutwa yuko nyuma ya gogo. Nilipomhurumia nikaanza kumtupia vidonge vya kuzama saa kumi na mbili jioni, lakini tetra huvivamia kabla havijafika chini, na kinachofika hukigombania hapo hapo. Juzi nilimmulika nikaona tumbo limeingia ndani. Ni mgonjwa? Nimpe dawa gani?*
— Msomaji wa lita 120

Marahaba, mwanangu. Dawa weka kando kwanza. Ndevu ulizozieleza, zile za chini zenye vijitawi, ni za jamii ya Synodontis, ambao wengine huwaita gogogo. Ni samaki wa Afrika, na wengi wao ni watu wa usiku. Kujificha nyuma ya gogo mchana si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Linalonitia hofu ni hilo tumbo. Samaki huyu akishiba, ukimtazama kwa upande, mstari wa tumbo unakuwa umenyooka au umevimba kidogo. Ukiona bonde nyuma ya mapezi ya kifuani, ujue ana wiki nyingi hajapata mlo wa haja.

Wa kwanza wangu alikufa hivyo hivyo. Niliambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe, nikayaamini kwa sababu yalinipunguzia kazi. Kila jioni nilitia chakula, kila asubuhi nilikuta mchanga mtupu, nikajiambia anakula vizuri. Siku niliyoinua gogo ili nisafishe chini yake nilimkuta amelala ubavu, kichwa kikubwa, mgongo mwembamba, tumbo limeshikana na uti. Chakula kilikuwa kinaisha kweli, ila si yeye aliyekuwa akikila. Tangu siku hiyo sihesabu kilichobaki mchangani. Natazama tumbo la samaki.

Hili la mabaki naomba tulimalize hapa. Kambare hali kinyesi cha wenzake. Mabaki ya chakula atakula, lakini katika tangi lenye tetra kumi na wanane wenye afya hakuna mabaki. Kumweka samaki kwa kutegemea makombo ya meza ambayo kila siku inafutwa safi ni kumnyima chakula, hata kama mwenye tangi ana moyo mwema.

Sasa tazama alichojaliwa, kwa sababu humo ndimo ilimo njia ya kumlisha. Watu husema nyumba ya kambare baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto naye ana ndevu, wakimaanisha nyumba isiyo na mkubwa. Lakini ndevu zile si za cheo. Ni ulimi uliotolewa nje. Kambare ana chembe za kuonjea kwenye ndevu, kwenye midomo, na hata kwenye ngozi ya mwili mzima. Kambare mmoja wa Amerika ya Kaskazini, Ictalurus punctatus, anazo zaidi ya 100,000. Kwa hiyo wako, huko gizani nyuma ya gogo, anajua vizuri kwamba chakula kimeshuka, na anajua kimeshukia wapi. Anachokosa ni nafasi. Nje kuna mwanga na kuna vurugu ya tetra, naye hawezi kuviingia vyote viwili kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni masikio. Kambare wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo wanasikia kuliko samaki wengi wengine. Ukigonga kioo umwamshe aje kula, umempigia ngoma kichwani. Ukifunga kifuniko cha tangi kwa kishindo, amerudi shimoni kwa saa nzima. Usiku wa kumlisha, funika taratibu.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Saa mbili na nusu usiku nawalisha samaki wa juu kwanza, chakula chao cha kuelea, tena upande wa pili wa tangi, mbali na gogo. Nawapa mpaka wanapunguza kasi. Kisha nazima taa ya tangi na ya chumbani pia, nasubiri nusu saa. Tetra wakikosa mwanga hutulia, rangi zao hufifia, wanaelea mahali pamoja. Hapo ndipo ninapoleta chakula cha chini. Sikitupi kutoka juu. Nina bomba la plastiki lisilo na rangi, nene kama kidole gumba, linalofika mpaka mchangani. Nalisimamisha mbele ya mlango wa maficho, nadondosha kidonge ndani, nasubiri kitue, kisha naliinua polepole. Kwa bomba hilo chakula hakipiti kabisa kwenye midomo ya walio juu.

Halafu nakaa. Nina tochi ndogo niliyoifunga karatasi nyekundu mbele, mwanga wake ni hafifu mno, na siielekezi kwake moja kwa moja, naielekeza ukutani. Usiku wa kwanza wa Synodontis wangu wa sasa nilikaa dakika arobaini. Zilitoka ndevu kwanza, zile mbili za juu, zikapapasa ukingo wa gogo, zikarudi ndani. Zikatoka tena. Akafuata mdomo, halafu kichwa mpaka machoni, akasimama. Alipokigusa kidonge kwa ndevu moja ya chini hakuendelea kupapasa hata mara moja zaidi: alikirukia, akakivuta ndani kwa mkupuo, nikasikia kikigonga mti. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, nikajiziba mdomo.

Usimtarajie afanye hivyo kesho. Samaki aliyezoea kukosa huchukua siku kadhaa, wengine wiki mbili, kabla ya kuamini kwamba saa ile na mahali pale kuna chakula chake. Wewe shika saa moja na mahali pamoja, usibadilishe. Anza na kidonge kimoja kidogo, kama kifungo cha shati. Asubuhi, kabla ya kuwasha taa, angalia. Kilichobaki kiondoe kwa mpira wa kunyonyea maji. Akimaliza siku tatu mfululizo, ongeza.

Vidonge peke yake havitoshi kumrudishia mwili. Mara mbili au tatu kwa wiki mpe viluwiluwi vyekundu vilivyogandishwa, vile vinavyouzwa kwa jina la bloodworm. Viyeyushe katika kikombe chenye maji ya tangi, mwaga maji yale, kisha vipeleke chini kwa bomba lile lile. Harufu yake inamtoa hata kambare mwoga kuliko wote. Usimjaze siku ya kwanza kwa huruma. Tumbo lililokaa tupu linataka kidogo kidogo.

Na usiondoe gogo ili umwone. Wengi hufanya hivyo na wengi hujuta. Ongeza maficho: kipande cha bomba la udongo, mawe yaliyopangwa yakaacha pango, mti mwingine wenye kivuli. Samaki mwenye mahali pengi pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka, na utamwona mara nyingi zaidi kuliko sasa.

Ukimlisha hivi kwa wiki nne, ukawa umemwona kwa macho yako akila, na tumbo bado ni bonde, hapo ndipo tufikirie minyoo ya tumboni na dawa yake. Niandikie wakati huo, unieleze na kinyesi chake kikoje.

*Mpendwa mama mhariri, nina koridora watatu. Hawa hawajifichi sana, ila naona ndevu zao zinazidi kuwa fupi, mmoja amebakiwa na vishina tu. Chini nina kokoto za rangi, nzuri, zina ncha kidogo. Wanakula vidonge lakini huvitema. Pia hupanda juu ghafla kama mshale na kurudi chini. Wanakosa hewa?*
— Mwenye kokoto

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho likutoke moyoni. Koridora, hawa kambare wadogo wa kundi, humeza pumzi juu ya maji na kuitumia hewa ile kupitia utumbo wake. Kupanda mara moja moja ni kawaida kabisa. Wakipanda kila baada ya dakika chache, wote, tena mashavu yakienda mbio, hapo pima maji na uongeze mzunguko wa hewa.

Ndevu ndilo tatizo. Koridora halokoti chakula juu ya sakafu kama kuku. Huchomeka pua mchangani, mara nyingine mpaka machoni, huvuta mchanga mdomoni, huchagua kinacholika, na mchanga uliobaki humwagika kupitia mashavu. Ukimtazama kwa karibu utaona vijimkondo viwili vya mchanga vikitoka pande mbili za kichwa, kama unga unaochekechwa. Sasa mpe kokoto zenye ncha afanye kazi hiyo hiyo. Hawezi kuzivuta, basi anazisugua, na chakula kinazama katikati ya kokoto asikoweza kufika. Kinaoza huko. Uchafu ule na bakteria wake humla ndevu kuliko hata ile ncha yenyewe.

Toa kokoto, weka mchanga laini wa mviringo, kina cha sentimita 3 hadi 5. Kokoto usizitoe zote siku moja kama tangi ni la siku nyingi, maana zimebeba bakteria wanaokusafishia maji. Toa nusu, subiri wiki mbili, toa iliyobaki. Ndevu ambazo mzizi wake haujaharibika huweza kuota tena.

Kuhusu kutema: koridora mdomo wake ni mdogo. Kidonge kigumu anakigusa, anakinyonya, anakiacha kilainike, anakirudia. Ukiona amekitema usikiondoe haraka. Kivunje vipande, au kiloweke dakika chache kabla ya kukipeleka chini.

Halafu watatu ni wachache. Huyu ni samaki wa kundi. Wakiwa sita au zaidi wanakula mchana kweupe, bega kwa bega, na mwoga hutoka kwa sababu wenzake wametoka. Nimeona koridora aliyekuwa hali kabisa peke yake akaanza kula siku ya pili baada ya kupata wenzake. Mwana kundi akiwa mpweke, hata chakula kizuri hakimvuti.

Unapowahamisha ili ubadilishe mchanga, usitumie wavu wa nyuzi ukiweza kuepuka. Wana miiba migumu kwenye mapezi, huisimamisha na kuifunga wakishtuka, na wavu ukinasa utamuumiza ukijaribu kumnasua. Tumia chombo cha plastiki, umwingize kwa utulivu. Na mkono wako utunze pia, mwiba ule unauma.

Neno moja zaidi, kwa sababu nawapenda samaki hawa. Yule koridora wa madoa ya kijani na kijivu anayeuzwa kila mahali, Corydoras paleatus, alikusanywa na Charles Darwin katika safari yake ya meli ya Beagle huko Amerika ya Kusini, na mtaalamu wa viumbe Leonard Jenyns akamwandika kitaalamu mwaka 1842. Kwao kuna majira ya baridi, ndiyo maana anastahimili maji ya ubaridi kuliko ndugu zake, na maji ya nyuzi 28 kwake ni moto. Ukimwona amepoteza hamu ya chakula wakati wa joto, angalia kipimajoto kabla ya kubadilisha chakula.

*Shikamoo. Nilinunua samaki wanne wadogo wa kula mwani, wanaitwa Otocinclus. Wiki mbili tu kioo kikang'aa! Lakini wawili wamekufa na waliobaki hawagusi vidonge. Je, vidonge vibovu?*
— Msomaji mpya

Marahaba. Vidonge si vibovu. Kioo kung'aa ndiyo habari mbaya: chakula chao kimekwisha. Hawa hula mwani laini na utando ulioota juu ya mawe na majani, na wengi wao huchukuliwa mitoni wakafika kwako wakiwa tayari wameshinda njaa siku nyingi. Hawajui kidonge ni nini.

Leo hii kata kipande cha tango au zukini, kichovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja mpaka kilegee, kipoze, kichome uma wa chuma kisichoshika kutu ili kizame, kiweke karibu na mahali wanapolala. Kiache usiku mmoja, asubuhi kitoe hata kama hakijaguswa. Rudia kila siku. Kwa wengine huchukua wiki kabla hawajaelewa. Wakati huo huo chukua mawe matatu laini, yaweke katika ndoo ya maji ya tangi dirishani penye jua mpaka yaote ukijani, kisha uwe unayaingiza moja moja na kulirudisha lililoliwa. Hiyo ndiyo njia iliyoniokolea wangu. Na usinunue wengine mpaka hawa wawili wawe na matumbo ya duara. Ukimtazama akiwa amejibandika kwenye kioo utaliona tumbo lote wazi, ni rahisi kuliko kwa samaki mwingine yeyote wa chini.

Walio na pleko, yule kambare wa mdomo wa kunyonya, wanaweza kufuata hilo la tango vile vile, ila wao mara nyingi hulivamia usiku wa kwanza. Mpeni na gogo halisi la mti. Hulikwangua kutwa kwa ajili ya utando uliolishika, na pleko wa jamii ya Panaque hutafuna mti wenyewe.

*Mama, nimefuata ushauri wako wa zamani wa kulisha usiku. Sasa maji yamekuwa na ukungu mweupe, konokono wamejaa. Nimekosea wapi?*
— Msomaji wa siku nyingi

Umelisha kupita kiasi, mpenzi msomaji, na hili huwapata wengi wenye huruma. Chakula cha usiku hukioni kikibaki, kinaingia chini ya mti na kuoza. Kuoza huleta amonia, amonia huwa nitriti, na zote mbili ni sumu. Wa kwanza kuzionja ni huyo huyo aliyelala mchangani. Pima leo. Amonia na nitriti zote zinatakiwa zisome 0. Zisiposoma hivyo, badilisha robo ya maji leo na robo kesho, kwa maji yaliyotolewa klorini, na usilishe kwa siku mbili. Samaki wazima hawatadhurika kwa siku mbili.

Konokono usiwatie dawa. Dawa nyingi za konokono zina shaba, na kambare hawapatani nayo. Wamezaliana kwa sababu kuna chakula, kikipungua watapungua. Kuanzia sasa tia chakula juu ya kigae bapa au kisahani cha udongo badala ya mchangani. Kambare watakijua kisahani chao, nawe asubuhi unakiinua na kila kilichomo.

*Nasafiri siku nane. Jirani yangu atalisha samaki lakini hajawahi kufuga. Nimwambie nini kuhusu kambare wangu wa usiku?*
— Msafiri

Usimwambie mengi. Walishe vizuri kwa wiki nzima kabla ya kuondoka, badilisha maji siku mbili kabla, safisha filta kwa maji ya tangi. Kambare mzima aliyenona anaweza kukaa siku hizo na milo miwili tu. Basi mwandalie jirani vikaratasi viwili vilivyofungwa, kila kimoja na vidonge vya usiku mmoja, uandike juu: siku ya tatu, siku ya sita, saa tatu usiku, taa ikiwa imezimwa. Samaki wa juu nao wapimie hivyo hivyo, kwa vikaratasi. Kopo lenye chakula kilichobaki lifungie kabatini uondoke na ufunguo, kwa sababu mgeni akiona samaki wanamfuata kwenye kioo atadhani wana njaa na atawamiminia.